Maswali ambayo wazazi na wachezaji huniuliza kuhusu mchujo wa tenisi

Nafundisha tenisi hapa Nakuru, na mara kadhaa kwa mwaka tunateremka Kisumu kucheza na wenzetu wa kando ya ziwa. Wimbledon ikikaribia, maswali hunifuata hadi nyumbani: kwa nini fulani anacheza wiki moja kabla ya wengine, mbona aliyeshindwa juzi yuko uwanjani leo, na mtoto wetu naye atafikaje huko. Nimekusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndipo watoto wetu wanapopotelea njia.

Mchujo ni nini?

Ni mashindano yanayotangulia mashindano yenyewe, ili kujaza nafasi chache zilizoachwa wazi kwenye droo kuu, yaani orodha ya wanaoshindania taji lenyewe. Katika Grand Slam zote nne, mashindano makubwa kuliko yote ya tenisi, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, huchezwa wiki moja kabla. Wanaume 128 huanza, na wanawake 128 huanza. Ukishinda mechi tatu mfululizo umeingia, ukishindwa moja basi. Wanaobaki ni 16 kwa wanaume na 16 kwa wanawake.

Melbourne, Paris na New York mchujo huchezwa mlemle ndani ya uwanja wa mashindano. Wimbledon huufanyia Roehampton, kilomita chache kutoka pale. Kwa hiyo mtu anaweza kusafiri hadi London, akacheza mechi mbili nzuri, akarudi kwao bila kukanyaga nyasi za Wimbledon penyewe. Huwa nawaambia wachezaji wangu jambo hili mapema, ili wajue uzito wa mechi ya tatu.

Droo kuu ina watu 128. Hao wengine wanatoka wapi?

Wachezaji 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi zao kwenye orodha ya ubora duniani, ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa, kwa wanaume, na ya WTA, chama kama hicho, kwa wanawake. Wanane hupewa mwaliko maalumu, ule wachezaji wanaouita waildikadi. Kumi na sita hutoka kwenye mchujo. Jumlisha, ni 128.

Linalowashangaza wengi ni tarehe. Orodha inayotumika kuchagua wale 104 si ya wiki ya mashindano, ni ya wiki sita kabla. Chukua mchezaji aliyekuwa nambari 130 siku ile, kisha akashinda taji wiki mbili baadaye akapanda hadi 75. Bado atacheza mchujo, maana mlango ulishafungwa. Ndiyo maana utaona mchezaji ambaye kwa siku hiyo ni wa 75 duniani akihangaika Roehampton kwenye korti ya pembeni, na watazamaji wamesimama nyuma ya wavu.

Tena usichukulie kwamba nambari 105 hana lake. Wachezaji hujiondoa kwa majeraha, na kila anayejiondoa kabla mchujo haujaanza, orodha husogea hatua moja. Kuna mwaka nambari 104 atabaki nje kwa sababu ya walioumia na kurudi na nafasi zao za zamani, na kuna mwaka hata wa 110 atavutwa ndani.

Nafasi za zamani? Mtu anaweza kuingia kwa namba aliyokuwa nayo kabla ya kuumia?

Ndiyo. Mwanamume akikaa nje kwa jeraha angalau miezi sita, anaweza kuomba ATP wamhifadhie nafasi, na hutumia wastani wa nafasi zake za miezi mitatu ya kwanza tangu aumie. WTA nao wana utaratibu wao, na unamhusu pia mwanamke aliyekwenda kujifungua. Namba hiyo inamwingiza mashindanoni tu. Pointi zake halisi zinabaki zile alizo nazo sasa.

Je, wanaopitia mchujo si ndio wachezaji dhaifu?

Hapana, na swali hili huniuma kidogo kila nikilisikia.

Wengi wanaocheza mchujo wa Grand Slam wako kati ya nambari 105 na karibu 230 duniani. Fikiria watoto wote duniani walioshika raketi wakiwa na miaka saba, halafu hesabu wamebaki wangapi. Tofauti kati ya nambari 90 na nambari 140 mara nyingi ni mechi chache zilizokwenda upande usiofaa, au kifundo cha mguu kilichovimba mwezi Machi.

Mwaka wa 1977 John McEnroe alipitia mchujo wa Wimbledon akiwa na miaka 18, akafika nusu fainali. Mwaka wa 2000 Vladimir Voltchkov wa Belarus alifanya vilevile. Nadia Podoroska wa Ajentina alifika nusu fainali ya Roland Garros, ile Grand Slam ya Ufaransa, mwaka wa 2020 akitokea mchujo. Miezi michache baadaye, Februari 2021, Aslan Karatsev wa Urusi alifika nusu fainali ya Australia. Ilikuwa droo kuu yake ya kwanza ya Grand Slam.

Halafu akaja Emma Raducanu. US Open ya 2021, ile Grand Slam ya Marekani, ana miaka 18, ni wa 150 duniani. Alicheza mechi tatu za mchujo na saba za droo kuu. Mechi kumi, seti ishirini, hakupoteza hata moja. Katika enzi hii ya wachezaji wa kulipwa, hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kutoka mchujo na kubeba taji la Grand Slam. Watu humtaja kama muujiza. Mimi huwaonyesha wachezaji wangu zile mechi tatu za kwanza, za korti ndogo, kwa sababu bila hizo zile saba hazipo.

Mwaliko maalumu hutolewa kwa nani?

Huamuliwa na waandaaji. Kwa kawaida huenda kwa vijana wa nchi mwenyeji, kwa bingwa wa zamani anayerejea, au kwa mtu ambaye wanaamini atajaza viti. Australia, Ufaransa na Marekani hubadilishana: kila mmoja humpa mwenzake nafasi kwa mchezaji wake. Kenya haina Grand Slam ya kubadilishana na mtu, kwa hiyo mzazi wa Nakuru asijenge mpango juu ya mlango huu.

Si mlango wa kudharauliwa hata hivyo. Goran Ivanišević alikuwa wa 125 duniani alipopewa mwaliko Wimbledon mwaka wa 2001, akashinda taji. Kim Clijsters alishinda US Open ya 2009 kwa mwaliko, akiwa amerudi uwanjani baada ya kujifungua.

Huyu alishindwa juzi kwenye mchujo. Mbona leo anacheza droo kuu?

Huyo wachezaji humwita laki luza, aliyeshindwa akabahatika. Mchujo ukishaanza, mtu wa droo kuu akijiondoa, nafasi yake haiendi tena kwa anayefuata kwenye orodha. Inakwenda kwa mmoja wa walioshindwa katika raundi ya mwisho ya mchujo.

Zamani katika Grand Slam ilikuwa moja kwa moja kwa mwenye nafasi ya juu zaidi. Tatizo likaonekana: mchezaji akijua yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, na akajua kuna mtu anajiondoa, ana sababu gani ya kujiua uwanjani katika mechi ya tatu? Sasa hupigwa kura ya bahati kati ya wanne wa juu, na hakuna anayejua mapema.

Dick Norman wa Ubelgiji aliingia Wimbledon kwa njia hii mwaka wa 1995, akawaondoa Pat Cash, Stefan Edberg na Todd Woodbridge kabla ya kusimamishwa na Boris Becker katika raundi ya nne. Na mwaka wa 2017, Ons Jabeur wa Tunisia alishindwa mchujo wa Roland Garros, akaitwa, akafika raundi ya tatu.

Kuna pia jambo la pesa. Tangu 2018, mchezaji wa droo kuu aliyeumia akajiondoa kwa wakati hupata nusu ya malipo ya raundi ya kwanza, na nusu nyingine humwendea anayechukua nafasi yake. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiingia uwanjani wakichechemea, wanacheza gemu nne, wanampa mpinzani mkono na kuondoka na malipo yao. Mabadiliko yale yaliwafungulia mlango wengi waliokuwa wakingoja.

Mtu mmoja anaweza kupita milango hii yote?

Victoria Mboko wa Kanada aliipita yote katika miezi mitatu ya mwaka wa 2025. Mei alipitia mchujo wa Roland Garros, akafika raundi ya tatu. Juni alishindwa raundi ya mwisho ya mchujo wa Wimbledon, akaingia kama laki luza, akashinda mechi yake ya kwanza. Agosti, mjini Montreal, waandaaji wa nyumbani walimpa mwaliko maalumu. Akashinda mashindano yote na kumfunga Naomi Osaka katika fainali. Mwaka huo aliuanza akiwa nje ya 300 bora. Wazazi wake wanatoka Kongo.

Nina sababu ya kumtaja huyu hasa. Mwaka wa 2022, kwenye fainali ya Wimbledon ya wasichana, wawili kwa wawili, Mboko alikuwa upande mmoja wa wavu na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili alikuwa Angella Okutoyi wetu, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Angella na Rose Marie walipoteza seti ya kwanza, wakachukua ya pili, wakashinda taibreki ya mwisho, yaani gemu ya kuamua, 11-9. Mtoto wa Nairobi akabeba kombe la Wimbledon. Siku ile nilisimamisha mazoezi, nikawakalisha watoto wote chini tukaangalia kwenye simu moja.

Kwa hiyo Kenya imewahi kufika?

Paul Wekesa alifika nambari 100 duniani mwaka wa 1995, na alishinda mataji matatu ya ATP ya wawili wawili. Angalia namba hiyo ukikumbuka ile 104. Alikuwa ndani ya mstari.

Angella, kabla ya kombe lile, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana ya Grand Slam, Australia, Januari 2022, na alifika raundi ya tatu. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwaka wa 2024 alileta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Njia ya chuo naipenda kwa watoto wetu. Wekesa naye alisomea Marekani. Unapata masomo, korti, kocha, na mechi nyingi bila mzazi kuuza shamba.

Kwa Afrika nzima, Mayar Sherif wa Misri ni mfano wa kukaririwa. Roland Garros ya 2020 alipitia mchujo na kuwa mwanamke wa kwanza wa Misri kuingia droo kuu ya Grand Slam. Naye alicheza chuoni Marekani.

Binti yangu ana miaka 13, tunaishi Milimani, Kisumu. Aanzie wapi?

Aanze kwa kucheza mechi nyingi hapa hapa. Mashindano ya klabu na ya kitaifa kwanza, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Nairobi, awazoee watu asiowajua. Wazo la kumpeleka nje kabla hajawashinda wa umri wake nchini ni gharama bila faida, na wazazi wenye haraka huniona mgumu nikisema hivi.

Akiwa tayari, mlango ni mashindano ya vijana ya ITF, yaani Shirikisho la Tenisi la Kimataifa. Yanachezwa na wenye miaka 13 hadi 18. Ngazi ya chini ni J30, kisha J60, J100, J200, J300 na J500, halafu Grand Slam za vijana. Nairobi imekuwa ikiandaa za ngazi ya chini, na hiyo ni bahati kubwa: kutoka Nakuru ni safari ya asubuhi moja, hauhitaji viza wala tiketi ya ndege. Huko nako kuna mchujo. Mtoto asiye na pointi ataanzia hapo, na ni vizuri aanzie hapo.

Kabla ya yote anahitaji namba ya mchezaji ya ITF, inayoitwa IPIN. Inaombwa kwenye mtandao wa ITF, inalipiwa kila mwaka, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.

Na ngazi ya watu wazima?

Kuanzia miaka 14 anaruhusiwa, ingawa wasichana wadogo wamewekewa idadi ya mashindano kwa mwaka ili wasichoshwe. Wanaume huanza na M15 na M25, kisha Challenger, kisha ATP. Wanawake wana W15, W35, W50, W75 na W100, kisha WTA. Ile herufi na namba inakuambia mambo mengi: bingwa wa M15 hupata pointi 15, na bingwa wa W35 hupata 35.

Pointi ya kwanza kabisa inapatikana kwa kushinda mechi moja ya droo kuu ya M15 au W15. Inasikika rahisi. Kwa kijana anayetoka mchujo ni kushinda mechi mbili au tatu, kisha kumwondoa mtu aliyelala vizuri wiki nzima. Nimeona vijana hodari wakiitafuta pointi hiyo moja kwa miaka miwili. Tena kwa wanawake, ukiipata hauonekani mara moja kwenye orodha ya WTA: unahitaji pointi kutoka mashindano matatu, au ziwe zimefika kumi.

Na pointi huisha. Baada ya wiki 52 zinaondoka, uwe umezirudisha au la.

Kujiandikisha kuna ugumu gani?

Hakuna ugumu, kuna saa. Na hapa ndipo nimeumia zaidi kama kocha.

Mwisho wa kujiandikisha mashindano ya ITF huandikwa saa nane mchana kwa saa za Greenwich. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni. Kijana wangu mmoja, mwenye mkono wa kushoto mzuri kuliko wote niliowahi kufundisha, alikuwa amejiandaa miezi mitatu kwa mashindano ya Nairobi. Baba yake aliona siku ya mwisho ni Alhamisi, akaamini siku huisha usiku wa manane. Alikaa kwenye kompyuta saa mbili usiku. Mlango ulikuwa umefungwa saa tatu zilizopita. Nilipaswa kuhakikisha mwenyewe alasiri ile. Tangu siku hiyo nina kalenda ukutani, na kila tarehe imeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki. Nampigia mzazi siku mbili kabla, kisha asubuhi ya siku yenyewe.

Siku ya kujiondoa nayo ina mwisho wake. Ukijiondoa kwa kuchelewa unaweza kutozwa faini.

Mchujo unalipa?

Wa Grand Slam, ndiyo. Wimbledon ya 2024, aliyeshindwa mechi ya kwanza ya mchujo alipata pauni 15,000, na aliyefika droo kuu akashindwa mechi ya kwanza alipata pauni 60,000. Kwa wengi wa kati ya 105 na 230, safari nne za Grand Slam ndizo zinazolipia kocha, tiketi na hoteli za mwaka mzima. Linganisha na M15: fungu lote la mashindano, kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Anayeshindwa mchujo wa M15 hurudi nyumbani mikono mitupu. ITF ina mfuko wa maendeleo unaochangiwa na Grand Slam, ulioanzishwa mwaka wa 1986, na vijana wa Afrika wenye matokeo mazuri wamesaidiwa nao.

Mchujo wa wawili wawili upo?

Kwenye Grand Slam siku hizi haupo. Huingia kwa orodha au kwa mwaliko.

Anayetoka mchujo hupangiwa nani?

Droo kuu hupangwa mchujo ukiwa bado unaendelea, na nafasi zao huachwa wazi. Wakishapatikana, hupangwa kwa kura ya bahati kwenye nafasi hizo. Anaweza kuangukia mchezaji mwenziwe wa mchujo, anaweza kuangukia nambari moja duniani. Ndani ya mchujo wenyewe droo ina vikundi 16 vya watu wanane, na katika kila kikundi wawili wenye nafasi bora hutenganishwa wasikutane kabla ya mechi ya tatu.

Kwa nini wanangu wakitoka Kisumu kuja Nakuru mipira inawatoroka?

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Hewa ya huku ni nyepesi, mpira unakwenda mbali na unaruka juu. Sheria za tenisi zinatambua jambo hili: juu ya mita 1,219 kuna mipira maalumu inayoruhusiwa. Mstari huo unapita katikati yetu, Kisumu chini yake na Nakuru juu yake. Nairobi nayo iko juu. Mchezaji wa Kisumu anayekwenda mchujo Nairobi afike siku tatu kabla kama inawezekana, akaze nyuzi za raketi kidogo, na apige mpira kwa mzunguko zaidi. Mchujo hauna mechi ya kujizoeza. Seti ya kwanza ikikupotea ukitafuta urefu wa mpira, umeshapoteza nusu ya safari.

Akishindwa raundi ya mwisho ya mchujo, turudi nyumbani?

Msirudi. Ajiandikishe kwenye orodha ya wanaongoja, na afanye hivyo kila asubuhi kabla ya mechi ya kwanza kuanza, hadi raundi ya kwanza ya droo kuu iishe. Awe amevaa, amekula, raketi ziko tayari. Jina likiitwa naye hayupo, anaitwa mwingine.

Kijana yule wa mkono wa kushoto, mwaka uliofuata, aliingia mchujo Nairobi. Alishindwa mechi ya mwisho kwa taibreki ya seti ya tatu. Alikuwa ameshafunga begi, anataka matatu ya jioni kurudi Nakuru. Nikamwambia tunalala. Asubuhi alitia sahihi, akapasha mwili, akaketi kwenye benchi karibu na meza ya refa. Hakuitwa. Siku ya pili alitia sahihi tena kabla sijamkumbusha.